Jiwe Lililokogeshwa

Jiwe lilianguka juu ya paa la Bi Ummukulthum, Mji wa Kale, watu wakitoka kusali alasiri, likazama ndani ya godoro la sufi lililoanikwa. Lamis, aliyekuja kila asubuhi kutoka Majengo kumfanyia Bibi kazi za nyumba, alidhani ni utundu wa watoto. Alipochungulia kichochoroni aliona paka tu, naye amelala. Akalichukua. Lilikuwa jeusi kama kitako cha sufuria ya kuni.

"Bibi, mbingu yatutupia mawe!"

"Tumekosa nini tena, na kodi twalipa?"

Bibi akamtumia picha Mahjabeen, binti wa Gaffar muuza vitambaa wa Bondeni, aliyesomea mawe ya angani hata akawa mwalimu wa chuo kikuu. Simu ikalia papo hapo, na ukelele uliotoka humo ulimfanya Bibi aiondoe sikioni.

"Kaposwa nini huyu?" akamnong'oneza Lamis.

"Bibi, wiki ijayo nasafiri," Mahjabeen alisema alipotulia. "Kuna mkutano wa sheria za kuchimba mali ya huko juu. Wenye vyombo vya angani wasema afikaye kwanza achukue. Sisi twasema ni haki ya watu wote, hata wasio na chombo."

"Kama kisima cha msikiti. Ateke kila mtu, asikiuze mtu."

"Ndivyo! Lakini kila tukinena hutucheka: nyinyi mwajua nini cha huko? Safari hii nitakwenda na jiwe lililoangukia kwetu, nimelipima kwa mkono wangu. Nakuja kesho jioni. Litunzeni, Bibi. Litunzeni kama mtoto mchanga."

Bibi akamgeukia Lamis. "Umesikia? Hiyo ni amana."

Lamis alisikia, na hakuwa mtu wa kupuuza neno. Wadogo zake wote walipita mikononi mwake, na mtoto mchanga alijua atunzwavyo. Alipasha maji, akayapooza mpaka kiwiko kikayakubali. Akalisugua jiwe kwa sabuni na kumbi laini la nazi, pole pole, masizi yakatoka. Lilipokuwa bado na weusi mishipani, akalitia kwenye ndoo ya maji safi lilowe hadi asubuhi. Alipokuja asubuhi akalifuta, akalipaka mafuta ya nazi, akalifukiza udi, akalifunga kitambaa cheupe. Maji ya ndoo hakuyamwaga ovyo, kwani nyumba ile ilinunua maji ya mkokoteni. Aliumwagia mti wa asumini wa uani.

Jioni Mahjabeen akaingia na sanduku la vyombo, mikono imeshavaa glavu. Lamis akamletea jiwe juu ya sinia. Kitambaa kilipofunguliwa, mikono ile yenye glavu ikabaki hewani.

"Mbona lanukia udi?"

"Nimelikogesha, Dada, nikaliloweka ndooni usiku kucha," Lamis akasema, uso umemkunjuka. "Kama mtoto mchanga, ulivyosema."

Mahjabeen akakaa kitako sakafuni.

"Wanachokifuata huko juu si dhahabu," akasema. "Ni maji. Mawe kama haya yana maji ndani, na mwenye maji huko ndiye atakayeweza kwenda mbali na kurudi. Nilitaka kuwaambia hili letu lina kiasi gani."

"Basi si ulipime?" Bibi akauliza. "Mtoto mwenyewe msafi."

"Kupima naweza, Bibi. Kuapa ndiko nisikoweza. Maji yake na maji ya mkokoteni yameshaingiana. Wakiniuliza limeguswa na nani, niseme nini?" Kisha akamtazama Lamis. "Maji ya ile ndoo yapo wapi?"

"Nimeyamwagia asumini."

Mahjabeen akacheka kicheko kisichofika mbali. "Kosa langu, mdogo wangu. Ningesema tu: lisiguswe."

Angekaripiwa, Lamis angelia yakaisha. Hakukaripiwa. Alirudi Majengo akilirudia lile "mdogo wangu" njia nzima.

Mkutano ukaisha, Mahjabeen akapiga simu. Bibi akaiweka sauti wazi, Lamis naye asikie.

"Wameahirisha sheria. Wenye vyombo wao wataendelea na safari zao. Wakatuuliza tena: mna nini cha kuonyesha? Nikanyamaza."

"Wewe? Kunyamaza?"

"Ningesema nini, Bibi?"

Jiwe lilikuwa pale dirishani, safi, lang'aa mafuta. Lamis alikifuta vumbi kila kitu chumbani isipokuwa hilo.

Magharibi ilipokaribia, Bibi alimwita. "Mwanangu, nichumie asumini nitunge kikuba cha kujipamba, nina arusi."

Lamis akashuka uani. Mti ulikuwa umestawi kuliko miaka yote, matawi yameelemewa na asumini. Akanyoosha mkono, akayakumbuka maji ya ndoo, akaurudisha.

"Bado hazijafunguka, Bibi," akaita.

Na zilikuwa zimefunguka zote.