Nani Ameitikia?

Mama alikuwa na kipimo kimoja tu cha filamu za kutisha: miguu yake. Filamu ikiwa nzuri, miguu ilipanda juu ya kochi yenyewe, kana kwamba chini ya kochi kuna mkono unaosubiri kifundo cha mguu. Filamu ikiwa mbovu, miguu ilibaki chini na mdomo ndio uliofanya kazi.

Na alizipenda zote, nzuri na mbovu. Hilo ndilo watu hawakulielewa. Kwenye maabara ya hospitali, alikotoa watu damu tangu asubuhi, wenzake walimwuliza mtu mzima na akili zake anatafuta nini kwenye mizimu.

"Nzuri inaniogopesha, mbovu inanichekesha," aliwajibu huku akibana mpira kwenye mkono wa mgonjwa. "Nyie mnaangalia za mapenzi, mnatoka mnalia. Nani kapata hasara? Kunja ngumi, baba, usiangalie sindano."

Zile mbovu aliziangalia na mdogo wake, ambaye watoto walimwita mama mdogo ingawa kwa umbo hakuna aliyemfikia. Wawili hao hawakusamehe kitu. Mzimu wa kale ukitokea umevaa saa, waliiona. Maiti ikipumua, waliona tumbo likipanda. Upande wa damu ulikuwa wa Mama. "Hiyo sharubati," angesema. "Damu ikikaa hukolea. Hii iko sakafuni tangu jana na bado inang'aa kama midomo ya bibi harusi!"

Kwa hiyo binti yake wa mwisho, aliyekuwa akisomea utengenezaji wa filamu, alipoingia sebuleni Jumamosi mchana amekumbatia kompyuta, alikuwa na haki ya kutetemeka. Filamu yake ya kwanza chuoni ilikuwa ya kutisha, na darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akafuta machozi. Kisha mwalimu akamshauri, kwa upole unaouma kuliko tusi, ajaribu kupiga video za harusi. Sasa alikuwa ametengeneza ya pili, na Jumatatu ingeonyeshwa ukumbini. Ikichekwa tena, binti alikuwa ameshaamua: anaachana na mizimu, anakwenda kwenye harusi.

"Mama, uniambie ukweli," alisema.

"Lini nimewahi kukuambia kingine?"

"Basi uniambie taratibu."

"Hiyo ndiyo siijui."

Nyuma yake alikuja msichana mwenzake wa chuo, aliyeitwa Masikio kwa sababu ndiye aliyerekodi sauti. Mama mdogo alifunga mapazia, akachukua mto wa kujifichia uso.

Filamu ilikuwa imepigwa humo humo nyumbani. Mzimu ulitokea mapema mno, umejitanda shuka jeupe, uso umepakwa unga, na ukaanza kuzungumza. Ukaeleza ulivyokufa, nani alaumiwe, na mipango yake ya baadaye.

"Shuka langu hilo," alisema Mama.

"Mama!"

"Lina kiraka cha bluu pembeni. Nimekitia mwenyewe."

Mama mdogo alichekea ndani ya mto. "Dada, mbona linahutubia hili dude? Linaomba kura?"

Binti aliinamisha uso. Akaishusha skrini nusu. "Basi. Nimeelewa."

"Hujaelewa kitu. Sijamaliza kuangalia. Fungua."

Akafungua. Sasa msichana wa kwenye filamu alikuwa anarudi nyumbani na kukuta hakuna mtu. Alipita kwenye korido. Ukuta, mlango wa jikoni, viatu vimepangwa. Hakuna muziki wala shuka. Halafu kutoka chumba cha ndani, sauti ya kike, ya chini na yenye adabu, ikasema: "Abee."

Miguu ya Mama ilipanda.

"Rudisha nyuma," alisema. Wakarudisha. "Nani ameitikia?"

"Ameitikia nini?" Binti hakuwa amesikia. Wakasikiliza tena, na Masikio akajishika mdomo.

"Jamani, nimekosea! Siku ile, Mama, ulimwita mama mdogo toka jikoni, tukiwa tunarekodi. Nikaikata sauti yako. Yake sikuisikia."

"Nilikuwa nimelala chumbani," alisema mama mdogo. "Nimeitika usingizini, hata sikumbuki."

"Naifuta sasa hivi," alisema Masikio.

"Ukiifuta nakuchoma sindano." Mama alikaa vizuri, miguu bado juu. "Sikilizeni. Nyumba haina mtu. Hakuna aliyeita. Na bado kuna anayeitika, tena kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Anayeitika ameitwa. Sasa kaitwa na nani? Na akishaitika, si anakuja? Toa mzimu wote. Shuka langu lirudi, lifuliwe."

"Mama, mzimu ndiyo filamu yenyewe! Nikiutoa nabaki na nini?"

"Unabaki na korido na abee."

"Tumeupaka unga asubuhi nzima."

"Unga wangu pia."

Binti alikaribia kulia. "Na wakicheka?"

"Acha kuniangalia usoni. Angalia miguu yangu."

Binti akaiangalia. Tangu utotoni aliizoea miguu ile, akijua filamu gani iliipandisha na ipi ilishindwa. Hakuwahi kuipandisha yeye. Alipangusa pua kwa mkono, akamgeukia Masikio. "Kata kuanzia mwanzo," alisema.

Jumatatu Mama alikwenda ukumbini moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake, akakaa nyuma kabisa. Filamu ilikuwa imepungua ikabaki fupi, na sauti ile ilisikika mara ya kwanza chumbani, kisha jikoni, kisha nyuma ya mgongo wa msichana. Hakuna aliyecheka. Binti alisimama ukutani, macho yake hayakuwa kwenye skrini bali sakafuni. Viti vya ukumbi havina nafasi ya kupandisha miguu, lakini watu walijitahidi. Mstari wa mbele, viatu vya mwalimu vilikuwa vimeng'ang'ania ubao wa chini ya kiti.

Jioni Mama alikuwa jikoni na sinki limejaa vyombo. Akamwita binti yake. Kimya. Akamwita mdogo wake. Kimya. Na wote wawili alijua wako chumbani.

"Mnanisikia!"

Baada ya muda sauti ya binti ikatoka nyuma ya mlango. "Mama, ni wewe kweli unayeita?"

"Ni mimi, nani mwingine?"

"Thibitisha."

"Shuka langu liko wapi?"

Wakajibu kwa pamoja, "Abee!"