Kamyo ya Bijombo Mezani

Mjomba wangu Anastase aliendesha kamyo ya jeshi miaka kumi na tisa bila kugonga hata mbuzi, na mbuzi wa Uvira unawajua, wanavuka barabara kama vile wameirithi. Halafu mwaka huu kiharusi kikamgonga yeye, tena ameketi kwenye kiti anakunywa chai. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi. Mkono wa kuume ukabaki umelala kama karani baada ya chakula cha mchana.

Hilo lingengoja, lakini binti yake Laurette alikuwa na mchumba, Osée wa kijiji cha Katogota, na wakwe walitaka siku ya kuleta mahari. Kwetu baba wa binti anapokea kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mbele ya watu wote, na anakipokea kwa mkono wa kuume. Ukipokea kwa kushoto umewatukana wakwe pamoja na makaburi yao. Kumwachia ndugu yake apokee, mjomba alikataa: yeye bado hajafa. "Mukono isipoamuka, hakuna siku," akasema. Wakwe walikuwa wameshauliza mara mbili. Mara ya tatu watu hawaulizi, wanatafuta nyumba nyingine. Laurette akaanza kupika bila chumvi.

Muganga wa mazoezi hospitalini alisema mkono upewe kazi ndogondogo. Mama Sabine, mke wa mjomba, akamletea ungo wa karanga za kubambua.

"Minye nimepandisha tani tano mulima ya Bijombo mu matope," mjomba akasema, "leo munanipa karanga?"

"Basi tutafute tani tano za karanga," nikasema.

Mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake, na mimi ruhusa hiyo naitumia kila siku isije ikapitwa na muda.

Lakini maneno yake yalinibaki kichwani. Nikaenda dukani kwa Kasimu, anayeuza kila kinachovuka ziwa kutoka Kigoma. Katikati ya sufuria na pasi nikaona maboksi mawili: magari ya jeshi ya plastiki, ya kuunga mwenyewe kwa gundi, vipande zaidi ya mia, vingine vidogo kama punje ya mchele. Boksi moja lilikuwa na kifaru, jingine kamyo ya magurudumu sita.

"Ni ya batoto?" nikauliza.

"Mutoto ukimupa hii atalia," Kasimu akasema. "Na baba yake atalia zaidi."

Nikachukua kifaru. Nani ataacha kifaru achukue kamyo? Mjomba akaligeuza boksi kwa mkono wa kushoto.

"Nani alikuambia minye niliendesha hii?"

"Lakini iko muzuri, mujomba."

"Bibi ya jirani naye iko muzuri. Haiko wangu. Rudisha."

Mama Sabine akakohoa jikoni. Nikarudisha haraka.

Kamyo ilipokuja, mimi nilikata vipande, yeye akaunga. Au tuseme, alijaribu. Mkono wa kuume ulishika kipande, ukafikiri kidogo, ukakiachia. Mjomba akatukana kwa Kilingala cha kambini, na nyumba nzima ikapiga magoti kutafuta. Taa moja ya mbele ilimezwa na kuku. Tulimfuata kuku yule siku mbili kwa heshima kubwa, hakutupa kitu. Laurette akatoa ushanga mmoja wa bangili yake, ukawa taa.

Siku ya kumi na mbili kamyo ikasimama mezani, kijani, safi, sawasawa na picha ya boksi. Nikapiga makofi. Mjomba akainama, akaitazama pembeni, nyuma, chini.

"Hii haijafika fasi yoyote," akasema. "Hii iko ya maonyesho."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Turubai la plastiki, gumu kama sahani, akalitupa. Akachukua bandaji yake ya hospitali, akailowesha kwenye gundi iliyotiwa maji, akaitandika juu ya fremu ya nyuma. Ilipokauka ikawa na mikunjo na tumbo, kama turubai lililolala mvuani. Magurudumu ya nyuma tukayapiga msasa mpaka yakawa na upara, maana jeshini, alisema, matairi mapya yanapewa gari la mukubwa. Nikachonga kipande cha mti, kile cha kuweka nyuma ya gurudumu mlimani breki zikikataa. Nikaleta vumbi la barabara ya hapa ili tuipake.

"Hii vumbi ni ya wapi?"

"Ya hapa inje."

"Bijombo udongo iko nyekundu, weye mutoto. Unataka niseme uongo?"

Nikampata muuza viazi mmoja aliyeteremka kutoka Bijombo, nikamwomba anipe udongo wa viatu vyake. Bado ananisalimia kwa mbali.

Kikabaki kioo cha pembeni. Cha kamyo ya kweli kilivunjwa na tawi, mjomba akakifunga na waya miaka minne, kwa hiyo hiki nacho lazima kifungwe. Nikatoa uzi wa shaba ndani ya chaja iliyokufa, mwembamba kuliko unywele. Mkono wake wa kuume ukatetemeka. Akapumzika. Akajaribu tena, ukatetemeka. Ndipo akaleta kushoto chini ya kiwiko, akaukamata mkono ule kama jeki inavyokamata ekseli, na uzi ukapita.

Nilikuwa na mzaha tayari. Nikaumeza.

"Eh!" Mama Sabine akasema mlangoni. "Angalia vile unashika mukono. Kama muntu anapokea kitu kwa mwami."

Mjomba akaunyoosha mkono ule mbele, kushoto bado chini ya kiwiko. Kwetu anayempa mwami au mkubwa yeyote kitu, au anayepokea kwake, ananyoosha kuume na kushoto kunashika chini ya kiwiko. Mdogo kwa mkubwa. Baba wa binti kwa wakwe, haijaonekana.

"Batasema tunababembeleza batuondolee binti," Mama Sabine akasema.

"Baache baseme. Heshima ikizidi haiko matusi. Laurette! Ambia batu ya Katogota bakuje Jumamosi."

Jumamosi uwanja ulijaa. Papa Norbert, msemaji wa wakwe, mzee wa miaka sabini, akaleta kibuyu. Mjomba akasimama, akanyoosha kuume, kushoto chini ya kiwiko. Papa Norbert akashtuka: baba wa binti anamheshimu hivi? Hakukubali kushindwa. Akashuka goti moja, Katogota yote ikashuka naye, na Osée na suruali yake nyeupe akaingia matopeni. Vidole vya mjomba vikafunga kibuyu, akanywa, halikudondoka hata tone. Vigelegele! Laurette alilia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Kisha anapaswa kukirudisha. Hakirudishi. Papa Norbert kanyoosha mikono, anangoja.

"Aimé," mjomba akaninong'oneza, "vidole vimekataa kufunguka."

Nikamrukia, nikamkumbatia mbele ya watu wote kama mpwa aliyezidiwa na furaha, na huku chini nikafungua kidole kimoja, kingine, kingine. Nyuma yangu shangazi mmoja wa Katogota akasema kumbe yule kijana wa mizaha naye ana moyo. Sikumkatalia. Kilikuwa kimebaki kidole gumba.