Mstari Katikati ya Ng'ombe

Alhamisi nilichora ng'ombe ubaoni, nikampiga mstari kutoka puani hadi mkiani. "Pande mbili zinazolingana," niliwaambia wanafunzi wangu. Kisha nikachora kiti cha pweza, mnyama wa baharini asiye na kushoto wala kulia, ambaye hakuna mtu hapa Olenguruone aliyewahi kumwona, nikiwemo mimi. Kengele ikalia, kila mtu akaridhika.

Jumamosi asubuhi ng'ombe wetu, Tamasha, alivunja ua akala kabichi zenye umande. Nilimkuta amefura pande zote mbili kama ngoma, ulimi nje, na alikuwa amebakiza wiki chache tu azae. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Daktari wa mifugo, Kibii, alikuwa amekwama kwenye matope. "Mwalimu, mtoboeni sasa hivi," alisema kwenye simu. "Kushoto, pale kwa shimo kati ya mbavu na nyonga. Kulia ndio kuna ndama, msiguse..." Network ikapotea.

Mume wangu, Kimutai, alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe, wameangaliana, kisu mkononi. Akaenda upande wa mkono wake wa kushoto.

"Ngoja! Hiyo ni left yako, si yake!"

"Left ni left, mwalimu! Anakufa!"

Kweli alikuwa akifa, magoti yakilegea. Kushoto kwa nani? Ukitazama kutoka mbele, au nyuma? Mchoro wangu haukunifaa kitu; pande zote zilikuwa sawa. Niliuchukia ualimu. Basi nikaacha kufikiri, nikachuchumaa pale nilipokuwa nikikaa na ndoo kila alfajiri kabla maziwa hayajakauka. Mama mkwe alimzoeza Tamasha kukamuliwa kutoka kulia tu. Ukijaribu upande wa pili, anaiangusha ndoo, maziwa yote yanamwagika. Kimutai hajawahi kukamua hata siku moja.

Kisu chake kilikuwa juu ya kichwa changu, upande huo huo wa kulia.

"Zunguka," nilimwambia. "Zunguka, Kimutai, ama nikuume!"

Akazunguka. Nilisikia ngozi ikipasuka, kisha hewa ikatoka kwa kishindo pamoja na uvundo wa kabichi. Tamasha akavuta pumzi. Mimi nilibaki nimeegemeza shavu pale pale kisu kilipotaka kuingia, nikilia bila haya, na kutoka ndani ndama akanipiga teke.