Nyumba ya Bei ya Kutupa

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, Bi Lorraine aliwakusanya sebuleni kwake wastaafu wapya wa Kimarekani waliohamia Boquete, mji wetu wa milimani huku Panama, awafundishe namna ya kuishi vizuri kwa pensheni ndogo. Mimi nilipika na kupitisha sinia. Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka tisa, na Kiingereza kiliniingia kidogo kidogo bila yeye kujua.

"Msichana wa kazi utampata kwa dola ishirini kwa siku," aliwaambia. "Ukimzidishia, unatuharibia sisi wengine."

Msichana huyo ni mimi, Eneida, mwenye wajukuu wanne.

Jumamosi moja nilikuwa na langu moyoni. Wiki mbili kabla, binamu yangu Abdiel, mwenye nyumba niliyopanga miaka kumi na tisa, alinipa mwezi mmoja nihame.

"Abdiel, sisi si damu moja?" nilimuuliza.

"Damu haiezeki paa, binamu. Kuna wageni wanatoa mara tatu ya kodi yako."

"Paa lipi? Bati zile nilizibadilisha mimi."

Akatazama viatu vyake, akasema ana haraka.

Sasa pale sebuleni, mama mmoja mpole wa sura, Gail, akatoa simu awaonyeshe wenzake nyumba waliyopata yeye na mumewe. "Bei ya kutupa," alisema. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka karibu nami. Nikaona ukuta wangu wa buluu, na mashuka yangu kwenye kamba.

Nikaweka sinia chini. Nikasema kwa Kiingereza chao, "Hayo mashuka ni yangu. Humo nakaa mimi."

Gail akasema waliambiwa nyumba haina mtu.

"Na mashuka yalijianika yenyewe?"

Lorraine akanivuta jikoni. "Umeniaibisha, Eneida. Tangu lini unajua Kiingereza?"

"Tangu ulipoanza kuwatajia watu bei yangu."

Nikavua aproni, nikaondoka.

Gail na mumewe walihamia siku ileile waliyopanga. Alinitumia keki na kadi ya pole. Keki niliwapa kuku wa jirani. Nikahamia Dolega, chini huko kwenye joto, chumba kimoja na choo cha kushirikiana.

Wiki ya tatu gari la Lorraine likasimama mlangoni. Alikuwa amejaribu wanawake watatu, hakuna aliyedumu.

"Rudi, Eneida. Najua maisha yamepanda."

"Mmeyapandisha nyinyi. Nataka arobaini, na nauli."

"Arobaini? Kwa bei hizo mtu ataishije Boquete?"

"Ndiyo hivyo, bibi. Mimi nimeshindwa, ndiyo maana umenikuta huku."

Akakubali, injini bado ikiunguruma. Sikumshukuru. Jumatatu nikapanda basi la alfajiri, kwenda kufagia sakafu za watu katika mji niliozaliwa.