Mkono wa Mahameli

Mahameli ya hariri haitaki mzaha. Ukiipapasa kwenda chini, malaika yake, vile vinyweleo vyake, yanalala laini. Ukipapasa kwenda juu, yanasimama. Ndiyo maana vipande vyote vya koti hukatwa vikielekea upande mmoja. Ukigeuza kimoja tu, penye mwanga kitatoa rangi nyingine. Hilo analijua hata mfagiaji wa karakana yetu ya ushonaji. Na mimi, mkataji wa miaka ishirini na miwili, niligeuza.

Tamaa tu. Mama alinifundisha kubana kitambaa: kipande hiki kichwa juu, kile kichwa chini, mabaki ni ya fundi. Kwenye pamba nani atajua? Siku ile nilikuwa nawaza kikoti cha mjukuu wangu wa kwanza, mikono ikafuata mazoea. Mabaki nikayatia mkobani, nikaenda zangu kunywa chai, najipongeza, mjinga mimi!

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeshona. Saa saba mchana Bosi akalivisha koti sanamu, akawasha taa. Koti zima rangi ya damu ya mzee, mkono wa kushoto waridi lililochujuka.

"Nani kaipiga pasi mahameli hii?" Bosi akafoka. Yeye kushona hajui hata kifungo, ila anajua pasi huua mahameli.

"Sijaigusa kwa pasi, Bosi. Haki ya Mungu," wifi akaapa.

"Mteja anakuja saa kumi! Kitambaa hiki kinafumwa kwa mkono, shubiri moja kwa siku. Nitampa nini? Machozi yako?"

Nikainamia chaki zangu. Mkoba ulikuwa chini ya meza, unanigusa mguu. Kipande kilichomo kilitosha mkono mzima. Lakini Bosi alikwisha kula kiapo mbele ya wateja kwamba kwake hauibiwi hata uzi, na mwaka jana alimfukuza mtu kwa kibobini cha uzi wa hariri. Nikajiambia, atapoza hasira.

"Funga virago," akamwambia wifi.

Wifi akaanza kulia, bila sauti, huku anafunika cherehani yake. Kaka yangu hana kazi. Nyumba yao nzima inakula kwenye cherehani ile. Wifi akafika mlangoni. Akashika kitasa.

"Ngoja!" nikapiga kelele. Nikavuta mkoba, nikatandaza mahameli mezani. "Mimi ndiye niliyegeuza. Na hiki nilikiiba."

Bosi alikitazama kile kipande, kisha saa. "Kata."

Nikapapasa mara tatu kabla ya kugusa mkasi. Nikakata. Wifi akafumua ule mkono, akashona mpya. Saa kumi kasorobo koti lilikuwa rangi moja, na mteja akaondoka nalo akitabasamu.

Bosi akanyoosha mkono. Nikampa mkasi wangu, naye akampa wifi. "Kesho utakata wewe."

Niliumia, sitadanganya. Lakini njiani na wifi nilitegemea neno la shukrani, angalau nusu. Tulitembea mpaka kona ya nyumbani kwao ndipo akasimama.

"Wifi," akasema, "ulikuwa unaniona nalia?"

"Nilikuona."

"Tangu mwanzo?"

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.