Mpigaji Aliyejiita Fundi Cherehani

Jumamosi alasiri ukimtafuta Mzee Randa karakanani humpati. Msumeno umetundikwa, maranda yamefagiliwa, na mteja anayekuja kuulizia kitanda chake anaambiwa na majirani arudi Jumatatu. Mzee yuko sebuleni kwake, amevaa shati safi, ameketi mbele ya kompyuta. Shati safi la nini, na huyo anayekwenda kumsikiliza hata hamwoni? Ukimuuliza atakuambia ni joto.

Anachokingoja ni kipindi cha redio ya mtandaoni. Watu wanapiga simu kueleza vyombo vyao vilivyoharibika, friji inayounguruma, pasi isiyopata moto, simu iliyotumbukia kwenye ndoo, na mtangazaji anawaelekeza hatua kwa hatua mpaka chombo kipone au mwenyewe akubali kwamba hicho sasa ni chakavu. Wasikilizaji wamempa mtangazaji huyo jina la Dada Waya. Ni binti wa Mzee Randa, mtoto wake wa pekee, na huu ni mwaka wa pili hawajasemezana.

Waligombana kwa jambo ambalo ukilisimulia, mtu atacheka. Mama mtu alipofariki, binti alimtaka baba yake ahamie kwake. Mzee akakataa katakata, akasema hawezi kupata usingizi kwenye nyumba isiyonuka mbao. Basi binti akawa anakuja yeye, anafua, anapika, anapanga vitu upya. Siku moja alihamisha kiti alichokuwa akikalia marehemu. Mzee akapandwa na hasira, akamwambia hapa ni kwake na hajamwita mtu. Binti aliacha kufagia. Aliuweka ufagio chini taratibu.

“Basi sitakuja tena mpaka uniite, baba,” alisema. “Na ninavyokujua, hutaniita.”

Alimjua kweli. Mzee Randa ni mtu wa kufa na tai shingoni, ingawa tai yenyewe hajawahi kuifunga maishani mwake. Kiti alikirudisha pale kilipokuwa siku hiyo hiyo, akakaa akikitazama, akaona hakimsemeshi. Namba ya binti anayo. Kuna siku huibonyeza yote kwenye kisimu chake cha vitufe, akabakiza kile kitufe cha kijani tu, halafu akakumbuka kwamba kuna gundi itamkaukia karakanani. Hakuna fundi aliyewahi kuihangaikia gundi namna ile.

Kilichobaki ni Jumamosi. Kompyuta yenyewe binti ndiye aliyeiunda, kwa vipande alivyokusanya huku na huko, na ukutani chini ya televisheni akamfungia baba yake ile spika ndefu ambayo watu wanaiita saundiba. Akaviunganisha kwa waya mwembamba mweusi, akasema waya huo haupitishi umeme, unapitisha mwanga. Mzee alidhani anataniwa mpaka alipoonyeshwa ncha yake iking'aa nyekundu. Spika hiyo sauti yake ni nene na ya karibu. Binti akikohoa huko studio, mzee huku anageuka kumtazama.

Jumamosi hiyo aliwasha kila kitu kama kawaida, ukurasa wa redio ukafunguka, na sebule ikabaki kimya.

Kwenye skrini kulikuwa na vimistari vya kijani vinavyopanda na kushuka kufuatana na sauti ya mtangazaji. Vilikuwa vinapanda na kushuka. Maana yake binti anaongea. Mzee aliongeza sauti mpaka mwisho. Akaizima spika, akaiwasha. Akaigonga kwa kiganja, kama anavyogonga droo iliyokwama, na kwa kuwa saundiba si droo, haikumjali. Kompyuta haikuwa na spika nyingine, na kile kisimu chake cha vitufe hakijui mtandao ni kitu gani.

Akarudi kukaa, akabaki kuvitazama vile vimistari. Viliporukaruka kwa pamoja aliona kwamba binti anacheka, maana kicheko chake ni hicho, cha kurukaruka, amekirithi kwa mama yake. Vikatulia, akajua anamsikiliza mpigaji. Mzee alimkumbuka mtoto wake. Wiki nzima alikuwa ameisukuma kwa ajili ya saa hiyo moja, na sasa inapita mbele ya macho yake bila hata neno.

Chini ya vimistari paliandikwa: Chombo chako kimekushinda? Piga hapa. Na namba.

Mzee alicheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Akavitazama tena vimistari, akaitazama namba. Alijiambia kwamba kumpigia binti ni kitu kimoja, na kupigia redio ni kitu kingine kabisa. Redio ni ya watu wote. Hata shetani angeona hoja hiyo ni ya kitoto, lakini mzee ilimtosha, akapiga moyo konde na safari hii kitufe cha kijani akakibonyeza.

Ilipokelewa na mama mmoja mwenye haraka, akamuuliza jina lake na chombo chake kina nini. Mzee alibana pua kidogo, akasema yeye ni fundi cherehani. Kwa nini cherehani, hata mwenyewe hajui, pengine kwa sababu ni ufundi ulio mbali na nyundo. Akaambiwa asubiri. Akasubiri, jasho likimtoka mgongoni ndani ya lile shati safi, akaanza kufikiria gundi.

“Fundi, karibu,” ilisema simu. “Uko hewani.”

Ilikuwa ni yeye. Haikuwa sauti ya kusikilizwa na watu wote, ilikuwa imeingia sikioni mwake na inamngoja ajibu. Mzee alibana pua tena. Akaeleza kwa sauti yake ya kubana kwamba ana kompyuta, ana spika ndefu, ameviunganisha kwa ule waya wa mwanga, na leo sauti imepotea ghafla wakati Jumamosi iliyopita ilikuwepo. Upande wa pili pakasikika karatasi zikipekuliwa, kama mtu anayetafuta kalamu.

“Sawa, fundi,” alisema Dada Waya. “Tutakwenda polepole. Hatuna haraka.”

Kwanza alimtaka abonyeze ile picha ya spika kwenye kona ya skrini, aangalie sauti imeelekezwa wapi, kwani kompyuta ikijifanyia marekebisho yake huwa inajichagulia njia. Mzee akasogeza uso, akasoma herufi moja moja. Njia iliyochaguliwa ilikuwa ile ile ya waya wa mwanga. Binti akamwambia abonyeze kile kitufe cha spika cha kuchagua ipokee sauti kwa njia gani, aone herufi zinazotokea mbele yake. Nazo zilikuwa sawa. Binti akamsifu, akasema fundi ana macho mazuri. Mzee akajikuta ametabasamu peke yake sebuleni kama aliyechaguliwa kuwa kiongozi wa darasa.

Halafu akamwomba auchomoe waya nyuma ya spika na kutazama ncha yake. Kuna mwanga mwekundu? Hakuna. Sasa aende kwenye kompyuta, achomoe upande ule, achungulie kwenye tundu. Mzee akapiga magoti, magoti yakalia, akasema “aah” kwa sauti yake halisi, akaikumbuka haraka ile ya pua. Ndani ya tundu kulikuwa na mwanga mwekundu, mdogo, umetulia.

“Basi mwanga unatoka, ila haufiki,” alisema binti. “Kuna kitu kinauzuia njiani. Urudishe waya, kisha uufuate kwa mkono mpaka mwisho. Taratibu, fundi, usiukwaruze.”

Mzee alitambaa. Waya ulipita chini ya meza, ukafuata ukuta, ukaingia nyuma ya kabati la vyombo. Hapo ndipo ulipobanwa, umekunjwa kama karatasi kati ya mbao na ukuta. Alikumbuka kwamba juzi alikuwa akimfukuza panya, akalisukuma kabati kwa bega. Panya mwenyewe hakumpata. Akasema kwenye simu kwamba ameona, waya umekunjika.

“Ndiyo hapo,” alisema Dada Waya. “Waya huo hauvumilii kona kali, mwanga unaishia kwenye mkunjo. Livute kabati mbele, uunyooshe. Lakini kwanza shika ule mguu wa nyuma, wa upande wa dirisha. Huwa unachomoka.”

Mkono wa mzee ulikuwa umekwisha kuushika mguu kabla hajaelewa alichoambiwa. Ulichomoka kweli, ukabaki kiganjani. Marehemu mke wake alikuwa akiulilia mguu huo miaka nenda miaka rudi, na yeye, anayewatengenezea watu wote makabati, alikuwa akisema kesho. Akaliegemeza kabati kwa goti, akaunyoosha waya kwa vidole, na hapo ndipo alipogutuka. Hakuwa amesema neno kuhusu kabati. Dirisha hakulitaja. Alisema tu kwamba waya umekunjika.

Sauti ikarudi. Ilirudi yote kwa mpigo, maana alikuwa ameiongeza mpaka mwisho, ikajaa sebuleni na kugonga vioo. Sasa, redio za mtandaoni huchelewa kidogo, kinachosemwa studio kinafika majumbani baada ya muda. Kwa hiyo kilichotoka kwenye spika kilikuwa ni maneno ya nyuma, binti akiuliza kuhusu mwanga, na mzee mmoja wa pua akijibu. Mzee Randa hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Alishtuka kusikia jinsi mtu huyo alivyochoka, na jinsi anavyojibana ili asijulikane na mtoto wake mwenyewe.

“Imerudi?” aliuliza binti kwenye simu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kazini.

Mzee Randa akakata.

Usimlaumu. Alikuwa na mguu wa kabati mkono mmoja na simu mkono wa pili, naye alijiona kama aliyefumaniwa. Alipunguza sauti ya spika, akakaa chini sakafuni akiwa ameliegemea kabati, na hakuwa na la kufanya ila kusikiliza yaliyokwisha kupita. Akamsikia mzee wa pua akisema waya umekunjika. Akamsikia binti akiusema ule mguu wa nyuma, na safari hii alisikia jambo ambalo simu haikumpa: alivyovuta pumzi kabla ya kulisema. Alikuwa ameamua kumwonyesha kwamba amemtambua. Ikaja “Imerudi?” Ukaja ule mlio wa simu kukatwa, na mzee akafumba macho kwa aibu.

Studio ikawa kimya. Kwenye redio, kimya cha namna hiyo ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi.

“Amekata,” alisema Dada Waya mwishowe. Akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. “Wasikilizaji, naona fundi wetu amepona. Fundi cherehani mimi simjui, na wala sina la kumwambia. Ila nyumba ile naijua. Mwenye nyumba ile, kama ananisikia, mimi namngoja yeye. Nimemngoja sana, kwa kweli. Nimechoka kumngoja. Haya, tusikilize muziki.”

Muziki ukapigwa. Mzee Randa hakuusikia. Alikuwa akisikia lile neno nimechoka, likirudi na kurudi. Muda wote huu alijiona yeye ndiye aliyeachwa, anakaa na kiti chake, anavaa shati lake safi kwa ajili ya mtu asiyemkumbuka. Hakuwahi kufikiri kwamba huko nako kuna mtu anayekaa na simu, anaitazama, na kila inapolia anatumaini. Alimwonea mtoto wake huruma mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwona, aliyaacha.

Kisha akasimama. Kabati likayumba, sahani zikagongana ndani, akaliacha liyumbe. Akabonyeza namba ya redio upya. Ilikuwa inatumika. Akabonyeza tena, inatumika, bila shaka nusu ya wasikilizaji walikuwa wanapiga kuuliza fundi cherehani ni nani. Gundi haikumjia akilini hata kidogo. Akabonyeza tena, akabonyeza tena, mpaka kidole kikamuuma, na ikaita.

Yule mama mwenye haraka akapokea, akauliza jina na chombo chake kina nini.

“Hakuna kilichoharibika,” alisema Mzee Randa, kwa sauti yake aliyozaliwa nayo. “Mwambie ni baba yake. Mwambie namwita nyumbani.”

Mama yule hakuuliza swali jingine. Alimwomba tu asikate, na mzee hakukata.