Nusu ya Chini

Siku ya soko Ferdinand alileta pikapu yake kwa fundi Idefonsi, pale njia panda ya Nyakanazi, akaiegesha kati ya gereji na meza ya Adelfina ya wali na maharage. Ilikuwa pikapu iliyoinuliwa juu, matairi mapana yamejaa tope la Nyarubungo. Ferdinand alikuwa msimamizi wa ranchi moja ya ng'ombe, na siku hiyo alikuwa na shida ya milango. Ilikuwa mizito. Vijana wake walipofika mahali pa kazi walichelewa kushuka.

"Nataka milango nusu," alisema, akajigusa kiunoni. "Iishie hapa. Mtu akiruka, ameshafika."

"Bamba lipo, bosi?"

"Lipo."

Mhoja, dereva wake, alishusha kutoka nyuma ya gari bamba moja jipya, lililotosha upande wa dereva tu, na mlango mmoja wa chuma wa nyumba, wa bluu. Adelfina alikuwa akimpakulia kondakta wali. Aliutambua mlango ule kabla haujagusa ardhi, kwa sababu ulikuwa wake.

Hapa lazima isemwe mlango ule ulivyopatikana, na isemwe bila kumung'unya maneno. Mwaka uliotangulia ranchi ilitaka kuongeza malisho, ikatangazwa kwamba kila mwenye nyumba atafidiwa. Tathmini ilipangwa kufanyika Jumatatu. Jumapili, watu wakiwa misani, Ferdinand na vijana wake walipita nyumba kwa nyumba wakang'oa milango. Sufuria hawakugusa, kuku hawakugusa, walichukua milango tu. Jumatatu akaja mthamini, akatazama, akaeleza kwa upole kwamba kwa utaratibu nyumba ni jengo lenye mlango. Jengo lisilo na mlango ni banda, na banda halina fidia. Jumanne mabanda yakavunjwa. Nyirabahizi, mama mkwe wa Adelfina, alilala chini ya turubai masika yote, akakohoa, akafa kabla mvua haijakatika. Ule ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Wenye ofisi waliuita zoezi.

Idefonsi alikata boksi la biskuti kwa umbo la mlango wa gari, akaliweka juu ya chuma cha bluu, akalizungushia chaki. Adelfina akaja na mwiko mkononi.

"Fundi, huo mlango ni wangu."

"Najua, dada. Nikikataa ataupeleka kwa yule wa ng'ambo ya barabara, naye ataukata ovyo."

Adelfina alitamani kumpiga mwiko wa uso. Hakumpiga, maana Idefonsi hakuwa mwizi, na mwizi alikuwa amekaa mezani kwake anasubiri wali.

Grinda ilipouma chuma, kwenye ufa ulitoka moshi wa kuni za mkaratusi, ikafuata harufu ya maharage yanayochemka, ikafuata sauti ya Nyirabahizi.

"Nani anakata mlango huko?"

Idefonsi alizima grinda. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fanya haraka, baba, vumbi linaingia chunguni."

Akaiwasha tena, akamaliza. Nusu ya chini aliichomelea fremu ya bomba, akaitia bawaba na komeo, akaifunga upande wa abiria. Ilikaa vizuri, haikucheza. Nusu ya juu Ferdinand aliagiza ipakwe rangi nyeupe na kuandikwa ENEO LA RANCHI, USIINGIE. Akaenda kuisimika malishoni, pale pale zilipokuwa nyumba za watu.

Tangu siku hiyo, aliyefungua mlango wa abiria aliona, kuanzia kiunoni kwenda juu, kiti na usukani kama katika gari lolote. Kuanzia kiunoni kwenda chini aliona nyumba ya Adelfina: mafiga matatu, mkeka, miguu ya kitanda, na Nyirabahizi amekaa amenyoosha miguu, anachambua maharage. Ferdinand alipopanda, kichwa chake kilipita garini na buti zake zikapita juu ya mkeka. Siku za kwanza alilalamika kwamba majivu yanamchafulia buti. Baadaye akazoea kuacha chupa yake ya chai karibu na moto, isipoe. Kijana wa kituo cha mafuta aliomba moto ufunikwe kabla ya kujaza tangi, akasema hayo ni masharti ya kazi. Nyirabahizi akaufunika kwa majivu. Moshi wenyewe haukuonekana garini. Ulitokea malishoni, nyuma ya kibao cheupe, na ng'ombe wa ranchi wakapenda kulala pale kwa kuwa ulifukuza nzi.

Adelfina hakuomba ajabu yoyote, lakini alijua imemletea nini. Alipanda basi hadi wilayani, akarudi na mthamini yule yule, Bwana Novatus, akamsimamisha mbele ya pikapu.

"Ulisema nyumba ni jengo lenye mlango. Mlango huu hapa. Fungua, uandike."

Novatus alifungua, akapiga magoti, akaingia na utepe wake wa kupimia. Alimwamkia Nyirabahizi, akapewa kigoda, akala maharage, akapima kuta. Alipotoka alikuwa anajifuta mdomo.

"Nyumba ni nzuri, mama, sikatai. Tatizo haina paa. Jengo lenye mlango lakini halina paa, hilo ni uzio."

"Paa lipo kule malishoni, nyuma ya kibao. Moshi unatoka! Twende ukaone kwa macho yako."

"Hicho kibao kinasemaje?"

"Usiingie."

"Basi," alisema Novatus kwa upole ule ule. "Mimi ni mtumishi wa umma, mama. Siwezi kuvunja sheria."

Adelfina alimtukana. Alianza kwa Kiswahili, kilipomwishia akahamia Kisubi, ambacho kina akiba kubwa zaidi. Abiria wa mabasi waligeuka kutazama, kisha wakarudia sahani zao. Mwenye nguvu mpishe, alisema mmoja wao, mtu ambaye amepisha maisha yake yote na hajapata kupishwa hata kwenye foleni ya kisima. Novatus alikunja utepe wake, akaenda kutafuta basi la kurudi.

Ndipo Adelfina akainama, akaingia ndani mwenyewe. Alipojaribu kusimama, kichwa chake kilitokea garini, karibu na kioo ambapo Ferdinand alikuwa ametundika rozari. Akakaa.

"Kaa hivyo hivyo, mwanangu," alisema Nyirabahizi. "Huko juu hakuna kitu."

"Mama, toka twende."

"Nikitoka nakufa. Nilishakufa mara moja kwa ajili ya hao watu. Sirudii."

Adelfina alikuwa amemwosha mama huyu kwa mikono yake siku ya msiba. Asingeweza kumwacha tena kwenye mikono ya hao hao. Akaihama meza yake ya wali. Ferdinand hakumkatalia, alitoa sharti moja: kwa kuwa jiko lipo na gari linatembea, awapikie vijana wakiwa kazini. Adelfina alikubali. Alipika kwa chuki, na vijana wakasema mama huyu ana mkono mtamu.

Kiangazi kilipokaribia kuisha, ranchi ilitaka malisho zaidi. Ikatangazwa tena kwamba wenye nyumba watafidiwa, tathmini Jumatatu. Jumapili pikapu ikaondoka Nyakanazi asubuhi. Adelfina alikuwa anakoroga ugali aliposikia gari limesimama na komeo limefunguliwa. Buti zikapita juu ya mkeka wake, moja baada ya nyingine, na mitaimbo. Akachungulia. Ulikuwa uwanja wa Scolastica, mjane waliyesali naye kigango kimoja, na ambaye safari hii hakwenda misani. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake na watoto.

Adelfina alitambaa hadi kizingitini.

"Scolastica! Usiondoke hapo! Ushikilie mlango wako, wakuue nao! Kesho wakiukuta hawatakuwa na la kusema!"

Scolastica alisogea, akainama kutazama. Aliona moto, chungu, na kuta kavu. Alimwona Nyirabahizi, ambaye yeye mwenyewe alisaidia kumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akamgeukia Adelfina. "Kumbe nyumba yako ipo."

"Nusu! Ni nusu tu, na ni wizi! Wameniibia, na sasa wanakuibia wewe!"

"Najua ni wizi," alisema Scolastica. "Lakini wale wengine wa kwenu hawakubaki hata na nusu. Wako kwenye maturubai mpaka leo."

Akarudi nyumbani kwake. Alimwagiza mtoto nyundo, akazigonga pini za bawaba mwenyewe, akauinua mlango, akautwika kichwani, akaja kuulaza nyuma ya pikapu. Mama wa nyumba ya pili alikuwa ameona yote. Naye akaingia kutafuta nyundo. Ferdinand akawaambia vijana waweke mitaimbo chini, hakuna haja ya kuwasumbua wananchi.

Adelfina alipiga kelele, akaupiga ule mlango nusu kwa ngumi mpaka vifundo vikatoka damu. Idefonsi aliufunga vizuri, haukutikisika. Alimwita Scolastica mjinga, akamwita msaliti, kisha akalia, kwa sababu Scolastica hakuwa mjinga wala msaliti. Alikuwa mama mwenye watoto na mvua ilikuwa njiani.

Scolastica alizunguka hadi upande wa Ferdinand, akasimama kwa adabu, mikono ameikunja.

"Bosi, nina ombi moja dogo. Mwambie fundi mlango wangu aukate juu kidogo. Huyu mkubwa ameshakuwa mrefu."

Ferdinand alimtazama yule mtoto mkubwa, kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kipimo ni cha gari, mama," alisema, na Mhoja akaondoa pikapu.